Majibu kwa Waliosibiwa na Luninga

*Mheshimiwa Mshauri, nimetundika ukutani luninga bapa ya fahari, nikaiunganisha na Mega Drive, mashine ya michezo ya ujana wangu. Picha imejaa ukungu, na Sonic amenenepa. — Mwenye Huzuni, Tanga.*

Ndugu yangu, kabla hujaishutumu luninga, utazame kwanza ule waya wa manjano, ambao ndani yake nuru na rangi zote zimeshindiliwa pamoja mithili ya abiria wa basi la mwisho la jioni, hata zifikapo hakuna ajuaye mzigo huu ni wa nani. Waya wa RGB, upitishao nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa njia yake, utakuondolea nusu ya dhiki. Nusu ya pili sababu yake ni ujuaji wa luninga yenyewe: mashine yako hupeleka picha nzima ya mistari kama 240, nayo luninga, iliyozoea matangazo ambayo picha zake hukatwa mafungu mawili ya mistari ipishanayo, hudhani imeletewa nusu tu, ikajitakalifu kuiunganisha na nusu nyingine isiyokuwapo. Basi weka baina yao kigeuzi, kama vile OSSC au RetroTINK, ambacho hukariri kila mstari bila ya kubuni jambo. Ama unene wa Sonic, chagua uwiano wa 4:3 katika mipangilio ya luninga, na weusi utakaobaki kushoto na kulia uustahimili.

*Nikibonyeza kitufe, Mario huruka akisha kutumbukia shimoni. Namshuku jirani. — Mwenye Hasira, Malindi.*

Jirani hana hatia. Luninga yako hupoteza wakati kwa kuipamba picha kabla ya kuionyesha. Washa hali ya mchezo, kisha ukamwombe radhi.

*Mshauri, nimekutii. Picha imetakata, lakini maporomoko ya maji ya Sonic, ambayo zamani nilikuwa nikiona hata yaliyo nyuma yake, sasa ni fito tupu. — Yule yule wa Tanga.*

Hapo, ndugu yangu, umegundua siri ya mafundi wa mwaka 1991, ambao, kwa kuwa mashine yao haikuwa na uwezo wa kuchora maji yapenyezayo nuru, walichora mistari wima yenye nafasi baina yake, wakitegemea ubaya wa waya uichanganye ionekane kuwa maji. Yaani uchafu ulioufukuza ulikuwa sehemu ya uchoraji. Mimi, kwa mchezo huo, ningeurudia waya wa manjano bila ya haya, na mabingwa wa usafi wa picha wanicheke watakavyo.

*Mume wangu ataka kurudisha sebuleni televisheni ya chogo, eti pasipo hiyo hawezi kuwinda bata wa Nintendo. Je, aniongopea? — Bi Mstahamilivu, Unguja.*

Bibi, nasikitika kukuarifu kwamba asema kweli. Katika Duck Hunt, mchezo wa mwaka 1984, kifyatulio kikivutwa kioo huwa cheusi, kisha mahali alipo bata hung'aa mraba mweupe kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho, na bunduki yenyewe ndiyo itazamayo kama imeiona nuru hiyo kwa wakati wake. Luninga mpya huichelewesha, na bata akasalimika daima. Mruhusu, ila si sebuleni, na aibebe mwenyewe, kioo kikielekea kifuani, kwani uzito wote uko mbele.