Sifa za Msumbufu wa Saa Nane Usiku

Ikiwa ni kweli kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi programu za kuhifadhi nakala rudufu ndizo zenye tembo safi kuliko zote, maana hakuna aliyewahi kuzisifu. Mhasibu huisifu programu ya hesabu siku ya mishahara. Mkurugenzi husifu tovuti mpya hata kabla haijafunguka. Lakini ile inayoamka saa nane usiku, ikazizungukia seva zote za Linux na kukusanya mafaili ya watu waliolala, hutajwa kwa mambo mawili tu: imekwama, au imejaza diski. Dhuluma hiyo imedumu vya kutosha.

Tuanze na Bacula, kwa kuwa ina jina la kutisha. Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000 na ikatolewa kwa umma mwaka 2002. Jina lake limechanganya bakapu na Dracula, yule mnyonya damu wa hadithi, na waliolitunga walijinadi waziwazi kwamba kiumbe wao huja usiku kunyonya uhai wa kompyuta zako. Huo ni uungwana. Programu nyingine huahidi wepesi na raha, kisha zikakutesa. Hii ilikiri tangu siku ya posa.

Bacula si programu moja, ni ofisi nzima. Yumo Mkurugenzi anayepanga ratiba, yumo wakala anayekaa ndani ya kila seva inayonakiliwa, na yumo mtunza ghala anayeandika kwenye diski au kanda. Hifadhidata, PostgreSQL kwa mfano, hutunza orodha ya kila faili lililopita. Mkurugenzi husikiliza mlango namba 9101, wakala 9102, ghala 9103. Kila mmoja ana faili lake la usanidi, na ndani yake majina na nywila ambazo sharti zilingane na za mwenzake, herufi kwa herufi. Ukikosea moja, unafukuzwa mlangoni. Hapa hakuna kujuana wala chai ya mezani, na anayeingia kama mfalme wa mashine hatambuliwi kwa cheo chake. Ni ofisi ngapi zinaweza kusema hivyo?

Sifa yake kubwa zaidi ni ualimu. Fundi huisakinisha kwenye seva moja, akajaribu, ikafanya kazi, akatembea kifua mbele. Wiki inayofuata anaongeza seva ya pili. Mkurugenzi anamwita wakala mpya, wakala anaitika, kila kitu kinaonekana shwari, kisha kazi inakatika kwa madai kwamba ghala halionekani. Fundi analaumu faiawoli, anaizima. Analaumu swichi, anabadilisha waya. Anampigia simu jamaa wa intaneti, ambaye kwa mara ya kwanza mwaka huo hana kosa. Kumbe kosa limelala katika mstari mmoja wa faili la Mkurugenzi, ambako anwani ya ghala imeandikwa localhost. Mkurugenzi humkabidhi wakala anwani hiyo kama ilivyo, na wakala, mtiifu kupita kiasi, huenda kulitafuta ghala ndani ya seva yake mwenyewe. Mstari unarekebishwa kwa sekunde chache. Kufikia hapo, hata hivyo, fundi ameshakagua kila waya na kila mlango wa mtandao wake, na kozi ya kumfundisha hivyo bila ada haipatikani mjini.

Halafu kuna uaminifu, ambao wenye haraka huuita ukaidi. Bila kuambiwa vinginevyo, Bacula hulinda yaliyoandikwa katika kila juzuu ya nakala kwa siku 365. Mwenye diski ndogo huingia kwenye usanidi akaandika 30, akawasha upya, akalala fofofo. Diski inajaa vilevile! Mabadiliko yale yanahusu juzuu zitakazozaliwa. Zilizokwisha kuzaliwa zinabaki na ahadi ya kwanza mpaka mtu aingie kwenye bconsole, dirisha la amri la Bacula, na kuzibadilisha kwa amri yake mwenyewe. Ikikosa pa kuandika, Bacula haifuti cha zamani kwa siri ili ionekane hodari. Inasimama, inatuma barua pepe, inangoja binadamu. Mtumishi anayegoma kufuta mali ya bosi hata bosi akiwa amebadili mawazo anastahili nyongeza ya mshahara, si matusi.

Amanda, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ni mkubwa wake kwa umri. Ilizaliwa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina ni la upole, tabia ni ya mamamkwe. Mchana unaendesha amcheck ili kujua kama usiku utakuwa salama, na jibu maarufu kuliko yote ni kwamba seva fulani imeulizwa hali na muda umepita bila kuitika. Sababu hazikuelezwa, uzitafute. Labda huduma haijawashwa upande wa pili. Labda jina katika faili la .amandahosts limeandikwa kwa ufupi ilhali mtandao unalitambua kwa urefu. Labda ruhusa za faili hilo ni legevu mno kwa heshima yake. Au faiawoli, ambayo safari hii ina hatia kweli: kwa utaratibu wake wa zamani, Amanda hubisha hodi kwenye mlango 10080, kisha data ikapita kwa milango mingine kabisa. Ili kuielewa tabia hiyo, kiini cha Linux chenyewe kina moduli maalumu iitwayo nf_conntrack_amanda. Ni wasumbufu wachache waliotengewa kiti ndani ya kiini.

Asubuhi Amanda huleta ripoti. Ndani yake kuna fungu la yaliyoshindikana na fungu la mambo ya ajabu, na hayo ya ajabu mara nyingi ni tar, zana inayofungasha mafaili, kulalamika kwamba faili limebadilika wakati linasomwa. Kero, ndiyo. Lakini ikiwa faili hilo ni la hifadhidata iliyo kazini, malalamiko hayo ni habari muhimu kuliko ripoti yote iliyobaki. Na hapa kejeli iwekwe kando kidogo, kwa sababu Amanda ina wema usio na mzaha: mwanzoni mwa kila nakala huandika kwa maandishi ya kawaida amri ya kuirejesha, kwa zana za kawaida kama dd na tar. Amanda yenyewe ikitoweka duniani, mwenye kanda bado ataweza kusoma mali yake.

Wakosoaji watataja Chuo Kikuu cha Kyoto, nao wana haki. Desemba 2021 hati ya amri iliyohusika na nakala rudufu za kompyuta kuu ya chuo hicho ilibadilishwa wakati ile ya zamani bado inaendeshwa. Bash, programu inayotekeleza hati hizo, ambayo huzisoma kidogokidogo kadiri inavyokwenda, ikajikuta katikati ya maandishi mapya bila thamani za awali, ikafuta terabaiti 77 hivi, mafaili yapatayo milioni 34. Vikundi 14 vya watafiti viliguswa, na data ya vinne kati yake haikuweza kurejeshwa.

Ila msumbufu mwenye kelele asitwishwe mzigo wa walio kimya. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, aliyekusudia kusafisha seva ya pili ya hifadhidata alifuta data kwenye ile kuu. Katika gigabaiti zipatazo 300, zilibaki kama 4.5. Wakakimbilia nakala: ndoo ya hifadhi mtandaoni ilikuwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ya 9.6, hivyo ilikuwa inashindwa kila mara. Kulalamika ililalamika, lakini barua pepe zake zilikataliwa na seva ya barua kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji, na hakuna aliyezisoma. Waliokolewa na taswira ya diski ambayo mhandisi alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa kazi nyingine kabisa. Urejeshaji wakautangaza moja kwa moja kwenye YouTube, watu wakitazama, na kwa makadirio yao miradi 5,000 hivi iliathirika.

Basi wewe mwenye seva, usiiweke ile barua pepe ya alfajiri kwenye folda ya takataka. Na leo, kabla hujafunga ofisi, ingia bconsole, andika restore, chagua faili moja la mwezi uliopita, liweke pembeni ya lile la asili, kisha lifungue ulisome.