Kwa Ofisi Inayohusika: Ombi la Kuweka Amana Vidole vya Nyanya

Kwa Ofisi Inayohusika,
Popote Ilipo.

KUH: VIDOLE VISIVYOSOMEKA

Mwandishi wa barua hii angeileta mwenyewe kwa mkono, ila kila dirisha alilolifikia lilimtuma kwa "ofisi inayohusika", na njiani amekutana na wengine waliotumwa kuitafuta tangu mwaka jana.

Habari yenyewe ni ya nyanya mmoja wa bara ya Kilifi, mwenye miaka 76, aliyeandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa wazee fedha za kujikimu. Stahili yake ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo kwa muda mrefu zimetolewa za miezi miwili kwa mpigo, zikitolewa. Msimu huu amepanda bodaboda mara tatu kwenda kwa wakala, shilingi 400 kwenda na kurudi, akaweka kidole kwenye mashine, na mara zote tatu mashine ikamkana. Safari ya kwanza aliambiwa apanguse vidole kwa ndimu. Ya pili, apake mafuta. Ya tatu, kijana wa mashine, ambaye kwa kweli alilelewa vizuri, alimshika mkono akamwambia, "Nyanya, vidole vyako vimeisha."

"Havijaisha, mwanangu," akajibu. "Vimetumika."

Vimevunja kokoto, vimesuka makuti, vimekuna nazi, vimepalilia mihogo ya watu kwa kibarua. Ngozi ya mzee hukonda, na kazi ya mikono husaga mistari ya vidole. Hili ofisi ingelijua kabla ya kununua mashine, kama ingemsalimia mzee yeyote kwa mkono.

Kwa hiyo ofisi inaletewa ombi: lianzishwe Ghala la Taifa la Vidole. Mwananchi akitimiza miaka 18, siku ya kuomba kitambulisho, akabidhi vidole vyake kumi vikiwa bado vipya, apewe risiti. Serikali ivihifadhi penye baridi, mbali na jembe, jivu na sabuni ya mche. Yeye aazimwe vidole vya kibarua, vya ngozi ngumu, visivyohitaji kusomwa na mtu. Vya kuvunjia kokoto vitolewe seti mbili, maana moja haimalizi mwaka. Akifika 70 atarudi na risiti yake. Kama ameipoteza, ataleta barua ya chifu, abstrakti ya polisi na mashahidi wawili waliomjua enzi akiwa na vidole. Siku ya malipo karani atavitoa kwenye trei, atampachika kimoja kimoja kuanzia dole gumba, mashine italia kwa furaha, na mzee atahesabu elfu nne zake kisha avirudishe kabla ya saa kumi, kwani ghala nalo lina saa zake. Hitilafu hazitakosekana. Mzee wa Ganze atapachikwa vidole vya mvuvi wa Lamu, ajikute anasuka nyavu katikati ya foleni. Kesi za aina hiyo zitapelekwa kwa ofisi inayohusika.

Bajeti ya ghala ikikosekana, yapo maombi madogo. Kiti. Choo. Tangazo la malipo kuchelewa litoke kabla mzee hajalipa nauli. Na huyo "sistimu" anayelala kila siku ya malipo aletwe mbele ya wazee wamwone, wampe pole.

Macho ya dola hayakuwa mabovu hivi zamani. Sheria ya kipande, cheti cha lazima cha enzi za ukoloni, ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, akatembea na karatasi yake ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni, hadi mfumo ule ulipofutwa mwaka 1947. Vile pia vilikuwa vidole vya watu wa jembe, na vilisomwa bila ndimu. Aliyetoroka shamba la mzungu alisakwa kwa kidole chake. Baba alipotakiwa arudishwe kazini, alisomeka. Binti anapofuata haki yake, hasomeki. Wanaotia saini hundi za mamilioni hawajawahi kuambiwa wapake mafuta warudi kesho. Anayeshukiwa wizi katika nchi hii ni ajuza wa miaka 76 na elfu nne zake!

Ofisi imwie radhi mwandishi. Adabu ilimponyoka.

Dirishani fedha hizi huitwa msaada, na labda ndipo matatizo yanapoanzia, kwa kuwa anayepewa msaada hutakiwa kushukuru na kungoja. Katiba ya 2010 haikulitumia neno hilo kwa maana ya hisani. Kifungu cha 43 kinaiamuru serikali kuwakimu wasioweza kujikimu. Cha 57 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo ya familia yake na ya serikali pia. Cha 47 kinasema ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala apewe sababu kwa maandishi, na sheria ya mwaka 2015 ikatungwa kukitekeleza. "Rudi wiki ijayo" haijaandikwa popote. Hata Mahakama Kuu, ikiamua kesi ya Huduma Namba, mfumo wa kuwasajili watu kwa alama za mwili, mnamo Januari 2020, ilikiri kwamba wenye alama hafifu za mwili wanaweza kuachwa nje, ikataka kanuni za kuwalinda.

Mpango wenyewe una nafasi ya mlezi wa kumchukulia mzee fedha zake. Nyanya alimtaja mjukuu wake. Akaambiwa badiliko hilo lazima kwanza aliidhinishe yeye mwenyewe. Kwa kidole.

Sasa anataka kujua fedha zake zimekaa wapi. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 anaweza kuuliza kwa Kiswahili, bila ada ya maombi, na ajibiwe ndani ya siku 21. Hajui kuandika, lakini sheria ilishamfikiria: afisa anapaswa kuyaandika maneno yake na kumpa nakala. Afisa aliyeelezwa hayo aliuliza sheria hiyo ni ya nchi gani. Nyanya akamtajia mwaka. Anajua pia kwamba Tume ya Haki za Kiutawala hupokea malalamiko bure, hata ya mdomo, na kwamba Kifungu cha 22 kinamruhusu kufungua kesi ya haki zake za msingi bila kulipa ada. Vifungu amevikariri kama namba za simu za wanawe.

Barua hii imesomwa mbele yake, akaikubali, akaipiga muhuri wa dole gumba la kulia kwa wino wa zambarau. Ikiwa halisomeki, ofisi inaombwa kueleza sababu kwa maandishi.