Magwiji wa Kipimo

Tarehe 12 Desemba 2024, huko Singapore, Ding Liren wa China alisogeza ngome yake hadi f2. Ilikuwa hatua ya 55 katika mchezo wa 14, wa mwisho, wa kuwania ubingwa wa dunia wa sataranji. Kwenye simu za watazamaji, pembeni ya picha ya ubao, kipimo cha kompyuta cha nani anaongoza kikaporomoka. Papo hapo mashabiki wakagundua kwamba wao ndio magwiji.

Kumbe kila mtu alikuwa ameliona kosa! Aliyejilaza kitandani aliliona, aliyekuwa akimenya viazi aliliona, na yule ambaye juzi alimpoteza malkia wake kwa hatua ya tisa aliliona kabla ya wote. Wakamwonea huruma Ding, maskini, hajui kwamba ngome zikibadilishana, na maaskofu nao wakifuata, Mweupe, yaani yeye mwenyewe, anabaki na mfalme asiyeweza kuzuia vitunda.

Asiyeliona mara moja ni mmoja tu: Gukesh wa India, kijana wa miaka 18 aliyeketi mbele ya ubao wenyewe. Alikiri baadaye kwamba nusura acheze hatua nyingine. Masikini, hakuwa na programu ya Stockfish mfukoni. Akaambulia ubingwa tu, kwa pointi 7.5 dhidi ya 6.5.

Basi, ndugu mchambuzi, tunakuheshimu sana. Ila zima kwanza hiyo programu, kisha utuambie: ngome iende wapi?