Mwongozo wa Kubana Dosie Kolwezi

Kolwezi tunajua kupanga vitu. Angalia mabamba ya katodi kwenye kiwanda chochote cha shaba: yanabanduliwa, yanapangwa kona kwa kona, yanafungwa mikanda, na fungu la tani mbili na zaidi linapanda lori likiwa limenyooka kama askari wa gwaride. Kisha angalia karatasi zitakazolisindikiza hadi mpakani Kasumbalesa. Ankara inachungulia kushoto, orodha ya uzito imekimbilia kulia, cheti cha maabara kimekunjwa sikio. Mwongozo huu unahusu kunyoosha hizo karatasi.

Kama ofisi yako ina mashine kubwa ya kopi yenye sehemu ya kumalizia ubavuni, usiiguse, itazame tu. Karatasi ikitoka kwenye rola haiendi nje moja kwa moja. Inaangukia kwenye kitanda cha ndani kilichoinama, pala za mpira zinaisukuma hadi igonge ukuta wa nyuma, na vibao viwili vya pembeni vinaipiga makofi kushoto na kulia. Siri ni kwamba kila karatasi inapigwa kofi lake inapoingia, haisubiri wenzake. Wewe unangoja zote sitini ziwe mkononi ndipo unakumbuka unyoofu. Idadi ikitimia, stepla inatoboa, miguu ya pini inakunjwa kwa chini, seti inasukumwa nje, na trei inateremka kidogo kupisha ijayo, ambayo inawekwa kando kidogo ili dosie mbili zisioane.

Hayo yote yanataka karatasi nyoofu na umeme. Karatasi imeshapindishwa na joto linalogandisha wino. Masika inanyonya unyevu, na kiangazi vumbi la barabara ya malori linakaa kwenye rola hadi karatasi zinateleza. Umeme nao upo, tena wa jirani kabisa: mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa juu ya Lualaba miaka ya 1950 ili kulisha migodi, na migodi bado ndiyo inayokaa mezani kwanza.

Kwa hiyo utabana kwa mkono, kwenye kibanda cha kopi kando ya barabara. Pepeta fungu hewa iingie. Gonga upande mrefu mezani, halafu mfupi, halafu mrefu tena, kwa heshima, bila kulipiza kisasi. Pini iende kona ya juu kushoto, imelala mshazari, ili kurasa zifunguke bila kuchanika.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo urafiki huvunjika. Pini ya kawaida, ile ya 24/6, ina miguu ya milimita 6. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Karatasi 30 zinakula milimita 3, zinabaki 3 za kukunja. Mteja analeta 60.

“Papa, weka pini ingine hapa, hii haikamate.”

“Haikamate juu ya nini? Karatasi yako ni mingi!”

Usimlaumu. Sheria ya madini ya 2002 ilirekebishwa mwaka 2018, na kobalti ilipoitwa madini ya kimkakati mrabaha wake ukapanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10. Kiwango cha unene wa dosie hakuna aliyekitangaza. Mbanie pini mbili, moja kwa mbele na moja kwa nyuma, na umwonye kuwa zitachoma vidole. Vidole vyenyewe vitakuwa vya afisa, jambo ambalo wateja wengine hulipia zaidi.

Usijisifu sana kwa kazi yako. Dirisha la kwanza watang'oa pini ili wapige kopi, la pili waongeze fomu, la tatu wahakikishe la pili halikuondoa kitu. Acha nafasi kwenye kona kwa matundu ya wenzako.

Neno dogo kwa wale wanaopenda kuweka dola chini ya ukurasa wa kwanza: msizibane. Noti yenye tundu la pini haipokelewi sokoni, na mwenye dirisha atawadai nyingine safi, huku ile yenye tundu akibaki nayo kama kiambatisho. Tumieni kibanio cha waya, kile kinachoteleza.