Namna ya Kuiuliza Akili Mnemba Mgonjwa Asijue

Umepangiwa kazi Mkuyuni, mkoani Morogoro, barabara ya Matombo. Asubuhi benchi limejaa: akina mama walioshuka Kinole na watoto mgongoni, wazee wanaoumwa viuno, vijana wa bodaboda waliochubuka. Wote wanakuita dokta, wote wanasubiri jibu. Mfukoni una simu yenye ChatGPT. Ili heshima isishuke, fuata hatua hizi.

1. Ipinge hadharani. Kwenye kikao cha asubuhi tamka kwa sauti nzito kwamba mashine haiwezi kumpima mtu. Kijana akija na majibu ya simu yake, mkazie macho: "Umekuja kutibiwa au kunifundisha kazi?" Majibu yaleyale yakitoka kwenye simu yako yanaitwa utaalamu.

2. Uliza kwa kificho. Simu ikae chini ya daftari. Andika kifupi: "mtoto, miaka miwili, homa, kikohozi." Usihesabu pumzi zake dakika nzima wala usimfunue kifua, foleni itachelewa. Mashine haitakulazimisha. Itakushushia aya tatu zilizonyooka kuhusu kifua ambacho hakuna aliyekiangalia.

3. Jaza kila kitu. Jina la mtoto, la mama, kitongoji, hata majibu ya VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini sheria iko Dodoma, wewe uko Mkuyuni.

4. Epuka mashine zenye maswali. Mkoa huu umeshaonja balaa hilo. Kati ya mwaka 2021 na 2022 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara, walipeleka vishikwambi vyenye programu ya ePOCT+ katika vituo vya Morogoro na Mbeya. Ile haipigi soga; ni karani mkali. Homa siku ngapi? Pumzi ngapi? Oksijeni je? Matokeo yake, watoto walioandikiwa antibayotiki walikuwa kama 23 katika kila 100. Kwenye vituo visivyo nayo, 70. Na watoto hawakudhurika zaidi kwa kukosa dawa hizo. Sasa mama akirudi nyumbani bila chupa ya amoksilini, nani atasadiki kwamba alimwona daktari?

Nairobi ndio waliozidi. Kliniki za Penda Health, pamoja na OpenAI, wenye hiyo ChatGPT, ziliweka akili mnemba ndani ya mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Tabibu akiwa sawa inaonyesha kijani, akiteleza inawaka nyekundu. Katika mahudhurio 39,849, waliokuwa nayo walikosea utambuzi kwa asilimia 16 pungufu, na tiba kwa asilimia 13. Tabibu mzima, kusahihishwa saa za kazi!

5. Mama asijue lolote. Ukimgeuzia kioo ukasema, "Mama, nimeuliza hapa, imesema hivi; mimi nilivyompima naona vile," atapata ujasiri wa kusema. Atakueleza kuwa jana usiku bibi alimnywesha mtoto dawa ya majani, na kwamba vidonge vya wiki iliyopita aliviacha katikati. Hapo jibu lote ulilokwisha kunakili litakuwa limeharibika.

6. Mtandao ukikatika, usiulize binadamu. Muuguzi wa chumba cha pili ameona watoto wengi kuliko wewe, mwongozo wa taifa wa matibabu umo kwenye droo, na mganga mfawidhi hupokea simu. Wote hao watajua kwamba hujui. Andika panado, mwambie arudi kesho.

7. Mambo yakiharibika, isingizie mashine. Ikibanwa itakuomba radhi kwa adabu zote, kisha itakupa jibu jingine kwa uhakika uleule. Baraza la Madaktari Tanganyika halina namba yake ya usajili. Lina yako.