Walale Pema Wachezaji

Wapo wanaokinung'unikia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, Marekani, eti mwaka 2019 kilizindua jengo la timu yake ya mpira (ule wao wa kubebwa mikononi) lililokarabatiwa kwa dola milioni 28. Wivu tu. Kila mchezaji kapewa kabati linalokunjuka likawa kitanda. Mlitaka alale wapi, bwenini kama mwanafunzi? Fedha, tunakumbushwa, zilitoka kwa wafadhili, na mfadhili mwenye akili hatoi hela yake kwa kitu kisichoshangiliwa. Maktaba ya chuo hicho hicho ilikuwa ikivuja. Basi na vitabu navyo visioge, kwa jasho lote lile la kusomwa?

Waliochelewa ni sisi wa Songea. Timu yetu ya soka, Majimaji, ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1998 bila mchezaji hata mmoja kuwekewa kitanda kabatini, nasi tukaona ni sawa! Halafu 2018 iliposhuka daraja tukamlaumu kocha, kumbe watu walikuwa na usingizi.

Ndugu msomaji mwenye shaka, tazama matokeo: Januari 2020 timu ya chuo hicho ikawa bingwa wa vyuo vya Marekani. Maktaba haijafunga hata goli moja.