Muulize Maalim: Kadhia ya Mayai ya Bata

"Maalim, baada ya salamu. Mayai ya bata wangu yanapotea mchana wa jua kali. Sioni ganda wala unyoya, ila mchangani mna alama za kucha, na katikati yake mfuo mrefu kama kamba iliyoburutwa. Mume wangu amemtuhumu paka wa jirani, na sasa na jirani hatusalimiani. Mwizi ni nani? – Mwenye Bata, Pangani."

Waalaikumu salaam, Bi Mwenye Bata. Ningelikuwa mshauri wa kawaida, miongoni mwa hao wanaochapishwa kurasa za nyuma pamoja na bei za nazi na saa za kujaa maji, ningelikujibu kwa neno moja, nawe ungelikwenda zako na faida ya neno moja. Lakini Mwenyezi Mungu alinijaalia elimu isiyokubali kufupishwa, na mhariri wa gazeti hili, ambaye kila juma alikuwa akinisihi nipunguze maneno, amekwisha kukata tamaa, jambo ninalolihesabu katika fadhila zake.

Nianze na mumeo, kwa kuwa waume hupenda kuanziwa. Mwambie, kwa taadhima na baada ya kula, kwamba paka aghalabu hana haja na yai zima la bata, ambalo ganda lake ni gumu na uzito wake ni kiasi cha gramu 70; atakapoanguliwa kifaranga ndipo paka wa jirani atakapostahili kushukiwa, tena kwa haki kabisa. Kumtuhumu kabla ya hapo ni dhuluma, nami katika baraza letu najulikana kwa insafu hata watu wenye kesi mbaya hunipita kwa upande wa pili wa njia.

Sasa tuwaite washukiwa mmoja mmoja. Wa kwanza ni nguchiro, ambaye naye ni mwizi wa mchana, na namna yake ya kuvunja yai ni sanaa: hulishika kwa miguu ya mbele, akaugeuzia mgongo ukuta au jiwe, kisha akalirusha nyuma kati ya miguu yake mpaka lipasuke. Kwa hiyo penye nguchiro hapakosi maganda yaliyotapakaa chini ya ukuta. Jambo hili nililieleza kwa ufasaha katika karamu moja ya arusi, nikasimama na kuigiza kwa andazi, na wazee waliokuwapo wanakiri mpaka leo kwamba hawajapata kusikia nasaha ya ndoa ya namna ile.

Wa pili ni panya buku, mtembezi wa usiku, ambaye mashavuni ana vifuko vya kuchukulia chakula na kwenda kukificha shimoni. Usimdharau. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, jamaa zake hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kutambua kwa harufu makohozi ya mwenye kifua kikuu. Habari hiyo ilipochapishwa watu walistaajabu. Mimi sikustaajabu, kwani pua yangu imepata kuitambua, kutoka barazani, biriani iliyotiwa rangi badala ya zafarani katika nyumba ya tatu, na hakuna aliyenialika Morogoro.

Kunguru simwachi, ijapokuwa yeye mwenyewe haachi kitu. Huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka za mji, akaona kazi ni ndogo na mji ni mzuri, akaenea pwani nzima. Yeye hutoboa yai kwa mdomo, na ganda lenye tundu utalikuta chini ya mwembe au juu ya paa. Yuko pia nyoka mla mayai, kiumbe mnyonge asiye na sumu, ambaye hulimeza yai, akalipasua kwa mifupa iliyochomoza ndani ya shingo, akanywa kiini na kulitema ganda likiwa limekunjamana. Na yuko binadamu, ambaye kwa kutoacha ganda amewashinda wote. Lakini huyo, Bi Mwenye Bata, hana mkia wa kuburuta mchangani, walau katika wale niliopata kuwachunguza.

Utaniuliza kwa nini bata hawakupiga kelele. Kama bata wako ni wale wenye nyama nyekundu usoni, ambao ndio wengi huku kwetu, asili yao ni Marekani ya Kusini na ya Kati, na hawakujaaliwa sauti ya kupiga mayowe. Hukohoa pumzi tu na kutikisa mkia, wakamwangalia mwizi akipita kwa utulivu ambao kwa binadamu tungeuita uungwana.

Ama tiba, ninazo nyingi. Andika hati ya mashtaka kwa Kiswahili sanifu, uibandike mlangoni mwa banda, na chini yake uache nafasi ya mshtakiwa kutia kidole. Au mkodi malenga mmoja, umketishe karibu na kiota amwimbie mwizi beti za kumtahayarisha kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Wizi ukikoma utajua mwizi ana haya, na usipokoma utajua malenga anapenda mayai. Wapo wanaotoboa yai na kulijaza pilipili, dawa ambayo naikataza, kwa kuwa yai kama hilo lina desturi ya kurudi jikoni na kuliwa na mwenye nyumba. Na kama ungelikuwa hujui mwizi wako, ningelikwambia umwage majivu mbele ya mlango jioni na uyasome alfajiri, lakini wewe majivu ya nini, nawe Mola amekuandikia jibu mchangani?

Mhariri ameingia na kusimama mlangoni, basi nitasema upesi. Ni kenge. Hutoka jua likiwa kali kwa sababu mwili wake hupata joto kwa jua. Hunusa kwa ulimi wenye panda. Hulibeba yai au kulimeza, na mfuo ule kati ya kucha ni mkia wake. Pangani, kando ya mto, ungelitazamia nani mwingine? Yeye mwenyewe mayai yake huyataga ndani ya kichuguu, na mchwa wakaliziba tundu kwa udongo, kwa hiyo mambo ya ulinzi anayafahamu kukushinda. Usimzingire kwenye kona, maana hupiga kwa mkia na kuuma vibaya. Wala usiitamani ngozi yake, ijapokuwa Waganda huiwamba juu ya ile ngoma yao ndefu iitwayo engalabi.

Bata wengi hutaga alfajiri. Wafungie bandani mpaka saa tatu asubuhi, uokote mayai, kisha uwafungulie. Zungushia banda waya wa kuku, na uufukie chini shibiri mbili, kwani kenge huchimba. Yule unayetaka atamie mpe chumba chake, kwa sababu hawa wenye uso mwekundu hutamia takribani siku 35, na kenge hana shughuli nyingine muda wote huo. Kisha umchukue mumeo na sahani ya mkate wa kumimina, mwende kwa jirani mkamtake radhi, na paka naye apate kipande.

Bwana wa Muheza aliyeuliza habari za mbuzi anayekula kanzu atajibiwa juma lijalo. Kwa sasa azianue.